Kumwachia Ndugu Shamba Meru na Embu: Mwongozo wa Kuhamisha Ardhi Bila Kuuziana

Ukitaka kumwachia ndugu, mwana au mke ardhi pasipo kuuziana, jambo la kwanza kujua ni jina la nani limo kwenye rejista leo. Wengi wetu huanzia kwingine. Familia inakutana nyumbani kwa mzee, makubaliano yanaandikwa kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wanatia sahihi, chifu anagonga muhuri, na karatasi inawekwa sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Miaka inapita. Aliyetoa anafariki, watoto wake wanafanya sachi, yaani kupekua rejista ya ardhi, na kukuta jina la baba yao limekaa palepale. Aliyepewa amekwisha kujenga nyumba ya mawe na kupanda kahawa kwenye ardhi ambayo, kwa macho ya msajili, hajawahi kuwa yake.

Jamaa zetu walioko Marekani huongeza utata kidogo. Kule wanasikia habari za hati iitwayo quitclaim deed: mtu anatia sahihi kwamba chochote alicho nacho katika mali fulani, kama kipo, amemwachia mwenzake, wala hadhamini kwamba kweli kilikuwa chake. Ndipo simu inapigwa nyumbani: niandikieni hiyo hati nitie sahihi, kaka achukue sehemu yangu. Kenya haina hati ya namna hiyo. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki huhama pale msajili anapoandika jina jipya kwenye rejista, na kila aina ya kujitoa ina njia yake ya kufika kwenye kalamu ya msajili huyo. Njia ziko tatu, na sachi ndiyo inayokuonyesha yako.

Anza na sachi

Namba za mashamba yetu huanza na eneo la usajili na sehemu yake: Ntima/Igoki au Nyaki/Mulathankari upande wa Meru, Ngandori/Kirigi au Kagaari/Weru upande wa Embu, kisha namba yenyewe. Inakili kutoka kwenye hati miliki, usitegemee kumbukumbu ya mzee, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa utaletewa majibu ya shamba la jirani.

Rejista ina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi: ukubwa wake kwa hekta, ambao mara nyingi ni wa kukadiria tu, na namba ya ramani. Sehemu B ina majina ya wenyewe na tarehe walizoandikishwa. Sehemu C ndiyo ya mizigo, na ningekushauri uisome kwanza. Kama benki inashikilia hati kwa mkopo, huwezi kuhamisha bila kibali chake. Kama kuna kosheni, yaani zuio, iliyowekwa na binamu au amri ya mahakama, msajili hatapokea chochote mpaka iondolewe. Ni afadhali kuligundua hilo sasa kuliko baada ya kulipa mpima ardhi.

Huenda ukaambiwa namba hiyo haina rejista kabisa. Katika sehemu za Igembe na Tigania bado kuna maeneo ambayo kazi ya kuamua haki za ardhi haijafungwa, na hati miliki hazijatoka. Hapo usihangaike na fomu za uhamisho. Mambo yote hupitia ofisi ya uamuzi wa ardhi, na hata kesi mahakamani huwezi kuifungua bila kibali cha afisa wake.

Shamba likiwa kwa jina lako peke yako

Hii ndiyo njia iliyonyooka zaidi, ila ina vituo, na hakuna unachoweza kukiruka.

Kituo cha kwanza ni nyumbani. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inakataza mume au mke kutoa mali ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa shamba ni la mji wenu, sahihi ya mke si heshima unayompa. Bila hiyo uhamisho unaweza kuvunjwa mahakamani. Watoto waliotimiza miaka 18 nao waambie mapema, kwa sababu ya kituo kinachofuata.

Ardhi ya kilimo haihamishwi, hata kwa zawadi, bila ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, ile watu wanayoiita lendi bodi. Sheria yake, Sura ya 302, imekuwepo tangu 1967. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mlipokubaliana. Bila ridhaa, makubaliano yanahesabiwa kuwa batili. Ardhi iliyo ndani ya manispaa na isiyo ya kilimo haipiti huku.

Ukifika siku ya kikao utakuta benchi limejaa familia, kila moja na bahasha yake ya kaki. Mwenyekiti ni afisa wa utawala wa eneo, na pamoja naye wamo wanakijiji wanaoyajua mashamba ya wenyeji kwa mipaka yake. Mkiitwa mnaingia wote: anayetoa, anayepewa, mke, watoto wakubwa. Kama mzee ana wake wawili, waje wote wawili. Maswali ni mafupi na huelekezwa kwa mama kuliko kwa mzee. Mama, unajua shamba hili linatolewa? Umekubali kwa hiari yako? Wewe utabaki ukiishi wapi? Mama akiinamisha kichwa na kunyamaza, bodi huahirisha. Nimesikia watu wakilalamika kwamba bodi inachelewesha mambo kwa kuuliza hayo. Mimi naona hayo ndiyo maswali muhimu kuliko mengine yote katika safari hii, na mzee ambaye hawezi kuyajibu mbele ya mkewe hana haja ya kwenda mbali zaidi.

Ukitoa kipande tu cha shamba, unahitaji ridhaa mbili, ya kugawa na ya kuhamisha. Kaunti nayo lazima iidhinishe mgawanyo kwa mujibu wa Sheria ya Mipango ya 2019. Mpima ardhi mwenye leseni atachora mchoro wa mgawanyo, ule unaoitwa mutesheni, akionyesha pia njia ya kufikia kila kipande. Angalieni njia hiyo kwa makini mkiwa shambani, pamoja na majirani. Mutesheni ikisajiliwa, namba ya zamani inafungwa na vipande vinapata namba mpya. Hapo ndipo kimoja kinaweza kwenda kwa jina jingine.

Fomu ya uhamisho yenyewe ni ya serikali, ile yenye herufi LRA na namba, iliyotokana na kanuni za 2017. Usichape ya kwako. Mtoaji na mpokeaji wanatia sahihi au kidole gumba mbele ya wakili anayethibitisha kwamba amewaona na kuwatambua. Ambatisha nakala za vitambulisho, PIN za KRA, picha za pasipoti, cheti cha ndoa pale kinapohusika, ridhaa ya bodi, na hati miliki ya asili. Nakala ya hati haitoshi. Ikiwa hati imepotea, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Kenya na kusubiriwa siku 60 kabla ya kutolewa nyingine, kwa hiyo litafute sanduku mapema.

Sasa gharama. Mtu husema: sikuuza, nalipa kodi ya nini? Sheria ya Ushuru wa Stempu huichukulia zawadi ya ardhi kama mauzo kwa thamani ya soko, na mthamini wa serikali ndiye anayeitaja thamani hiyo. Kiwango ni asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 ndani ya manispaa, hivyo ploti iliyo Meru mjini au Embu mjini inalipiwa mara mbili kuliko shamba lenye thamani ileile. Uhamisho kati ya mume na mke umesamehewa. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, haitozwi unapompa mtu wa familia yako ya karibu, na ardhi ya kilimo isiyofika ekari 50 iliyo nje ya mji imesamehewa pia. Mwambie wakili akuandikie msamaha unaotumika kwako kabla hujalipa. Kuidai pesa iliyokwisha ingia KRA ni safari nyingine kabisa.

Zawadi hubeba mizigo yake

Hapa yafaa anayepewa asikilize kuliko anayetoa. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema kwamba aliyepata ardhi bila kulipa thamani anaishika pamoja na haki zote zisizosajiliwa zilizokuwa zikimbana aliyempa. Mnunuzi aliyelipa kwa nia njema ana kinga fulani. Mpewa hana. Kwa hiyo kama baba yako alikuwa ameshika shamba kwa niaba yake na ya wadogo zake, nawe umelishika hivyohivyo, hata hati ikiwa imeandikwa jina lako kwa wino mpya.

Jambo hili halitokei kwa nadra huku kwetu. Wakati wa kuunganisha mashamba, tangu Mpango wa Swynnerton wa serikali ya kikoloni mwaka 1954 hadi miaka ya 1960, familia nyingi ziliandikisha ardhi ya ukoo kwa jina la mtu mmoja: kifungua mimba, au yule aliyekuwa nyumbani siku maafisa walipopita. Mahakama ya Juu ya Kenya ililitolea uamuzi Oktoba 2018, katika kesi iliyotoka papa hapa Meru. Ilisema amana ya kimila, yaani mtu kushika ardhi kwa niaba ya familia au ukoo, ni haki inayoifunga ardhi iliyosajiliwa ingawa haikuandikwa kwenye rejista, na kwamba anayedai si lazima awe anaishi kwenye shamba. Anapaswa kuonyesha kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya kusajiliwa, kwamba yeye ni wa familia hiyo na undugu wake si wa kutafutwa kwa mbali, kwamba angeandikishwa yeye au angepata sehemu isingekuwa jambo fulani lililoingilia kati, na kwamba anayemdai ni wa familia hiyohiyo.

Kabla ya kupokea zawadi, basi, uliza historia. Babu alilipata vipi? Ndugu zake walipewa wapi? Yupo shangazi aliyerudi nyumbani na kujengewa pembeni? Kama majibu yanayumba, malizeni na hao ndugu kwanza. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na wazee wa ukoo wana nafasi nzuri hapa, na Katiba, kifungu cha 159, inawatambua wasuluhishi wa jadi. Wanachokubaliana wahusika kinaweza kupelekwa mahakamani kikawa amri. Ila hakuna baraza la wazee linaloweza kubadilisha jina kwenye rejista, wala maamuzi yake hayaruhusiwi kumbagua mwanamke. Kifungu cha 60 cha Katiba kimelifunga hilo.

Shamba likiwa kwa jina lako na la wenzako

Hapa ndipo tunapoikaribia zaidi ile hati ya Marekani. Tazama sehemu B: je, mmeandikwa kuwa wamiliki wa pamoja, au kila mmoja ana hisa yake, tuseme theluthi?

Wamiliki wa pamoja hawana hisa zilizotengwa. Mmoja akifa, ardhi inabaki kwa walio hai. Wanapeleka cheti cha kifo na jina la marehemu linafutwa, bila kesi ya urithi. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinamruhusu mmoja wao kuachia haki yake angali hai, lakini kwa wenzake wote waliobaki, si kwa mtu mwingine yeyote. Ukijaribu kumpa mwanao haki hiyo, uhamisho ni batili.

Kwenye hisa mambo ni kinyume. Hisa ni yako, ukifa inaingia kwenye urithi wako, na ukiwa hai unaweza kumpa umtakaye mradi wenzako wakubali kwa maandishi. Hawaruhusiwi kukataa bila sababu ya maana. Vituo vilivyobaki ni vilevile: mke, bodi, thamani, ushuru, msajili.

Ndugu watatu wakinunua ploti kwa pamoja huko Makutano, mara nyingi hawaulizwi wanataka mtindo upi, na wao hawaulizi. Ulizeni.

Shamba likiwa bado kwa jina la marehemu

Hii ndiyo hali ya nyumba nyingi, kuanzia Igembe hadi Mbeere: hati ina jina la baba au la babu, na watoto wanaishi juu yake kila mmoja na mpaka wake wa mimea. Mmoja anataka kumwachia mwingine sehemu yake. Hawezi, kwa sababu rejista haijampa sehemu. Akiuza au kugawa kabla ya mirathi anaingilia mali ya marehemu, kosa ambalo Sheria ya Urithi inaliadhibu kwa faini ya hadi shilingi 10,000, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Barua ya chifu inayotaja warithi wote ndiyo mwanzo. Ombi linapelekwa mahakamani. Mali isiyozidi kiwango cha hakimu wa eneo, ambacho kulingana na cheo chake hakipiti shilingi milioni 20, hushughulikiwa na mahakama ya hakimu, kama zile za Nkubu, Githongo, Runyenjes au Siakago, hivyo hamlazimiki kwenda Mahakama Kuu. Tangazo linachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, siku 30 za pingamizi zinapita, na msimamizi anapewa barua za usimamizi. Kwa kawaida baada ya miezi sita anaomba zithibitishwe, na cheti cha uthibitisho ndicho kinachotaja nani anapata ekari ngapi. Kabla ya cheti hicho msimamizi haruhusiwi kuuza ardhi. Ukiwa mnunuzi unayeambiwa "tutamalizia kotini", rudisha pesa mfukoni.

Katika shughuli hii mrithi anaweza kujitoa, na hapa nawasemesha hasa akina dada. Kuna fomu mbili zinazofanana kwa macho. Namba 38 ni ya kukubali mtu mwingine awe msimamizi. Ukiitia sahihi hujaacha chochote. Umesema tu kaka yako abebe faili. Namba 37 ni ya kukubali mgawanyo ulivyopendekezwa wakati wa uthibitisho. Ukiitia sahihi na jina lako halimo kwenye mgawanyo, umeachia sehemu yako. Nimeona fomu ya pili ikipelekwa kwa binti aliyeolewa, imekunjwa ili mahali pa sahihi pabaki juu, na maneno ni yaleyale: tia hapa tumalize mambo ya mzee. Ifunue. Soma jedwali la mgawanyo. Kama pale palipo na jina lako pameandikwa sifuri, au hapana kitu, jua unachofanya.

Sheria haikulazimishi kujitoa kwa sababu umeolewa. Pale ambapo mzazi wa pili naye hayupo, kifungu cha 38 cha Sheria ya Urithi kinawagawia watoto sawa, wa kiume na wa kike. Ukiamua kwa moyo wako kumwachia kaka aliyemtunza mama, ni haki yako, na ifanye wazi: andika kiapo kinachotaja namba ya shamba, sehemu unayoiacha na unayemwachia, kisha umthibitishie hakimu siku ya kusikizwa. Ni haki yako pia kuchukua sehemu ndogo, robo ekari ya kujenga, na kuacha iliyobaki. Watu husahau kwamba kujitoa kunaweza kuwa kwa nusu.

Mjane yeye yuko upande wake. Anaposalia mume au mke pamoja na watoto, ana haki ya kulitumia shamba maisha yake yote, na mgawanyo unaomwacha mama bila mahali pa kukaa hauwezi kupita kwa hakimu anayesoma faili lake.

Cheti kikitoka, msimamizi anakipeleka kwa msajili, kwanza aandikwe yeye kama msimamizi, kisha ahamishie warithi. Bodi ya ardhi haihitajiki kwa urithi isipokuwa shamba linagawanywa kuwa hati zaidi ya moja, na huku kwetu ndivyo linavyogawanywa karibu kila mara.

Aliye mbali na aliyekwisha pata hati

Aliye ng'ambo anaweza kutia sahihi zake huko mbele ya mthibitishaji rasmi au kwenye ubalozi wa Kenya, au akampa mtu nguvu za wakala. Wakala huo nao lazima usajiliwe, na utaje shamba kwa namba na kazi kwa jina: kumhamishia fulani, basi. Wakala wa "kushughulikia mali zangu zote Kenya" umewapotezea watu ploti.

Ukishapata hati mpya, fanya sachi nyingine baada ya wiki chache, uone kwamba rejista yenyewe, na si karatasi uliyopewa pekee, ina jina lako lilivyo kwenye kitambulisho. Kisha nenda kiwanda cha majani chai. Namba ya mkulima pale Githongo au Mungania haifuati hati miliki. Isipobadilishwa, bonasi itaendelea kuingia kwenye akaunti ya aliyekupa shamba, na kama amefariki, itakwama kwenye akaunti iliyofungwa. Wenye kahawa waulize hivyohivyo kwenye chama chao cha ushirika.